Mama Aliyeamkia kwa Marahaba

Niseme mapema: hasira zangu haziko mbali. Mume wangu husema nikiwaka, mtaa mzima wa Malvern unajua chakula kitachelewa. Basi ukinisikia humu napandisha sauti, nivumilie, ndivyo nilivyo. Na asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya furaha, mojawapo ya asubuhi tamu nilizozipata tangu nihamie Johannesburg.

Huku nililetwa na ndoa. Baba mkwe wangu alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekimbilia Morogoro, akaoa huko, akazaa huko, kisha nchi yake ilipofunguka akarudi na familia. Kwa hiyo mume wangu ana jina la Kizulu na lafudhi ya Morogoro, na ukimnyima dagaa atakununia wiki. Mimi ni wa Tanga. Kazi yangu ni ushonaji, na nashona Jeppestown, ghorofa ya juu ya jengo lililowahi kuwa kiwanda, lenye ngazi za chuma zinazopiga kelele kila mtu akipanda. Tunashona sare za shule, sare za kanisa, na msimu ukifika, magauni ya mabinti wanaomaliza shule. Wewe usicheze na magauni hayo! Binti wa hapa anaweza kukubali kufeli hesabu, lakini gauni likimkaa vibaya siku ya sherehe, jamani, ni msiba.

Kiswahili ndiyo lugha ya karakana, ila ni Kiswahili cha kila mtu na chake. Watanzania tupo, Wakongo wapo, Warundi wapo, Mkenya yupo mmoja mwenye maneno kutushinda wote. Mkataji wetu wa vitambaa ni Mzulu, kijana mkubwa mwenye mabega mapana, anayekaa hosteli karibu na kazini. Kiswahili anakiokota mezani kwetu, neno moja moja, hasa yale ya matusi.

Na bosi. Bosi ni Mtanzania mwenzangu, mtoto wa Dar, umri wake ni wa mdogo wangu wa tumbo moja. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa mmoja wa ajabu: alipenda shikamoo. Wanaotoka kwetu wataniunga mkono nikisema kwamba Dar siku hizi watu wanaikimbia shikamoo wasionekane wazee. Unamwamkia mtu, anakuambia, "Aa, mambo tu, kwani mimi mzee?" Huyu wetu aliitafuta. Kila asubuhi alisimama juu ya ngazi na kikombe chake cha chai, na kila fundi wa kutoka kwetu anayepanda lazima amwamkie. Sisi tuliona ni mambo madogo, tukawa tunaitupa tu puani, "shkamo, shkamo," huku tunampita kwenda kwenye vyerehani. Lakini yeye kuitikia aliitikia kwa kifua chote: "Marahabaaa!" Hata wauza mitumba barabarani walimsikia.

Basi akaja yule mama.

Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mama mtu mzima, nywele nyeupe zikichungulia chini ya kitambaa, magoti yake yamechoka lakini mikono haijachoka hata kidogo. Alikuwa analea wajukuu peke yake katika chumba cha uani, huko huko Malvern kwetu. Alipewa cherehani ya dirishani, pembeni yangu, na tangu siku ya kwanza nilimpenda. Alishona huku anaimba kwa sauti ndogo, na ukimuuliza habari anakujibu kwa habari kweli kweli, za jana na za juzi.

Kosa lenyewe lilitokea hivi. Kwao Bukavu hawana shikamoo, na bosi humwita chef. Alipokuwa anapanda ngazi asubuhi, alisikia neno moja tu linalosikika, lile kubwa la bosi. Akalipeleka kichwani, akaliona kuwa ndiyo salamu ya heshima ya Watanzania. Basi asubuhi moja, mwanzoni kabisa mwa kazi yake, akapanda akihema, akafika mbele ya bosi, akaweka viganja pamoja, akainama, na kwa heshima zake zote akatamka:

"Marahaba, chef!"

Weee! Karakana ililipuka. Mkenya alianguka juu ya marobota ya vitambaa. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Maana kwa asiyejua, marahaba ni jibu la mkubwa kwa mdogo. Kumwanza mtu kwa marahaba ni kumwambia, haya, nimeshapokea heshima yako, endelea na shughuli zako. Yule mama alituangalia, akaangalia nguo yake kama imechanika, akaniuliza, "Bale banacheka nini? Nimekosa?" Nikamweleza, na yeye mwenyewe akacheka mpaka machozi. "Eh Mungu wangu! Mie kila siku nasikia chef anasema marahaba, njo nikajua iko salamu yake!"

Ingeishia hapo, ingekuwa kichekesho cha siku. Lakini bosi hakucheka. Aliona amedharauliwa mbele ya wafanyakazi wake. Mama alimwomba radhi, sisi tukamwombea radhi, wapi! Kesho yake akamtoa kwenye cherehani, akampeleka kwenye meza ya pasi mlangoni, apige pasi na kukata nyuzi zinazoning'inia. Kusimama kutwa nzima, na magoti yale. Cherehani yake ikafunikwa shuka.

Na hakuishia hapo. Kila asubuhi alimsimamisha pale juu ya ngazi, mbele yetu, amwamkie.

"Shikamoo, chef," anasema mama.

"Sijasikia."

"Shikamoo."

"Piga goti kidogo. Mwanamke mwenye adabu anaamkia hivyo?"

Na mama anakunja lile goti bovu, ameshika ukuta, na bosi anapuliza chai yake kabla hajaitikia.

Kwetu Tanga nimelelewa kwamba mkubwa hamwamkii mdogo. Haipo! Ni kitu cha kutisha, ni kama kumwona mtu anavaa viatu kichwani. Bibi yangu angeona mama mzima anakunja goti kwa mtoto wa kumzaa, angetafuta kiti akae. Na hapa nilikuwa naona kila siku, halafu naenda kukaa kwenye cherehani yangu, nashona mikono ya magauni. Nilikuwa naumia, na kila mtu alikuwa anaumia, na kila mtu aliinamisha kichwa.

Nilimfuata bosi ofisini kwake. Nilijitahidi kuongea taratibu, Mungu ni shahidi.

"Bosi, yule mama alikosea lugha tu. Mrudishie cherehani yake."

"Anajifunza adabu."

"Lakini ni mtu mzima yule, ni mama yetu."

"Na wewe usijifanye wakili," akasema. "Mpaka mwisho wa mwezi. Nikiona bado ana kiburi, aende. Wanaotafuta kazi wamejaa huko chini barabarani."

Nikatoka nimenywea. Kiburi gani? Yule mama alikuwa hana hata robo ya kiburi changu. Lakini nilielewa kwamba mtu huyu ameshaamua, anatafuta tu siku. Akifukuzwa, nani atampa kazi mama wa umri ule hapa mjini? Na wale wajukuu je?

Nyumbani nililipuka, nikagonga sufuria. Mume wangu akasubiri nipoe, akasema, "Mama nanihii, usije ukampiga mtu." Nikamwambia sipigi. Akasema, "Sijakuambia unyamaze. Nimekuambia usipige." Nikamwangalia, nikacheka bila kupenda.

Dawa ilikuja kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, na haikutoka kwangu. Tulikuwa tumekaa sakafuni karibu na meza ya kukatia, mama amekwenda kununua mkate kwenye spaza, kile kiduka cha chini. Yule kijana wetu mkataji akanigeukia, mdomo umejaa, akauliza kwa Kiingereza chake.

"Dada, hili neno ambalo gogo anamwambia bosi kila asubuhi. Maana yake nini?"

Gogo ni bibi kwa Kizulu, ndivyo alivyomwita yule mama tangu mwanzo. Nikamwambia kwetu tulielezwa tangu utotoni kwamba ni kama kusema, naishika miguu yako.

Akaacha kutafuna.

"Gogo anashika miguu ya yule?"

"Ndiyo."

"Hawu!" Akaweka chakula chini. "Hawu, hawu, hawu. Mimi nilidhani ni kama sawubona yetu, salamu ya kila mtu. Eish, dada, na ninyi mnaangalia?"

Nilitafuta pa kuficha uso. Mtu asiye na hata nusu ya lugha yetu ndiye aliyekasirika kuliko sisi wenye lugha. Akaendelea kutikisa kichwa, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo namshukuru nalo: "Kwa hiyo huyo gogo, yeye mwenyewe anaambiwa na nani?"

Tukatazamana. Hakuna! Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anamwamkia. Tulikuwa tunamwambia mambo mama, vipi mama, kwa kuwa ni Mkongo, kwa kuwa kwao haipo. Shikamoo zote za karakana ile zilikuwa zinakwenda kwa mtu mmoja mwenye kikombe cha chai.

"Nifundishe," akasema mkataji.

Basi, ndugu zangu, mngetuona! Mtu na mabega yake anajifunza shikamoo sakafuni. "Shigamu." Hapana, shikamoo. "Shikamu." Vuta mwisho, moo, kama ng'ombe. "Shikamooooo!" Mkenya akamwambia sasa umezidisha, utaletewa majani. Binti wa Kirundi naye akajaribu, wa Kongo nao wakajaribu, kila mmoja kwa ulimi wake, na tulicheka hivi kwamba bosi alichungulia mlangoni kuuliza kama tumelipwa kwa ajili ya kucheka. Tukainama kwenye chakula. Mama aliporudi na mkate wake akatukuta tumebanwa na kicheko, akauliza kuna nini. Nikamwambia, kula mama, kesho utajua.

Kesho yake nilifika mapema. Bosi alikuwa ameshasimama juu ya ngazi na chai yake. Mama yuko mlangoni, karibu na meza ya pasi, amejiandaa kwa fedheha ya asubuhi. Ngazi zikaanza kulia. Mkataji ndiye aliyekuwa mbele, amevaa shati safi, nakuambia amevaa shati la kanisani! Akafika kwa bosi.

"Sawubona, bosi," akasema kwa adabu, akampita. Akasimama mbele ya meza ya pasi, akavua kofia, akainama yule mtu mzito, akasema:

"Shikamoo, gogo."

Ilitoka safi. Ningekuwa mwalimu ningempa vema.

Mama akashtuka. Akamwangalia bosi, kisha akaniangalia mimi. Marahaba ndilo neno lililomponza, na bosi alishamkataza asilitamke tena ndani ya jengo lile. Nikamwambia, "Itikia, mama. Hilo neno ni lako."

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya kunong'ona.

Akafuata binti wa Kirundi. "Shikamo, mama." "Marahaba." Wakafuata Wakongo wenzake, ambao katika maisha yao hawakuwahi kuamkia hivyo, wakicheka kwa aibu. "Marahaba, batoto bangu." Akafuata Mkenya, akapiga goti kabisa mpaka chini, maana yule bila kuzidisha hawezi. Mama akamgonga begani. Kila mmoja alimpita bosi kwa habari ya asubuhi, heshima iko palepale, hakuna aliyemtukana, lakini shikamoo zilipita pembeni yake zikaenda mlangoni. Na kila marahaba ikawa inapanda, mpaka za mwisho zilisikika chini barabarani. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilimwamkia nikiwa nimeshika mikono yake yote miwili, na ilikuwa ya moto, ya kupiga pasi.

"Nani ameanzisha ujinga huu?" Bosi huyo.

Nataka kusema nilijibu kama simba. Uongo. Nilikuwa bado nimeng'ang'ania mikono ya mama.

"Mimi," nikasema.

"Nilijua. Basi chukua mkoba wako. Na yeye achukue wake. Nje, nyote wawili."

Nikasikia kitu kizito kikiwekwa juu ya mbao. Mkataji alikuwa ameweka mkasi wake mezani. Akakunja mikono. Mkenya akakunja mikono. Mmoja mmoja wakakaa kwenye vyerehani vyao bila kuviwasha, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale niliisikia karakana ikiwa kimya kabisa, asubuhi ya siku ya kazi, magauni ya mabinti yananing'inia hayana mikono na wiki yenyewe ndiyo ya sherehe.

"Mnanigomea?" akauliza.

Hapo hasira ikaja, na nashukuru ilikuja imetulia. Nikamjibu kwa Kiswahili cha kwetu, mimi na yeye.

"Hatugomi, bosi. Hebu niambie kitu kimoja. Ukiwa Dar, mtaani kwenu, mama wa makamo haya akija kukukunjia goti na kukushika miguu, utamwacha? Mbele ya majirani?"

Akatazama ndani ya kikombe chake.

"Utamkimbilia umwinue. Najua utamkimbilia, maana umelelewa. Sasa hapa umepatwa na nini? Kwa kuwa hapa hakuna anayetujua? Mimi nakujua. Sisi wote tunakujua, na tunaona aibu kwa ajili yako."

Akaangalia magauni, nisiseme uongo, aliyaangalia magauni kwanza. Kisha akamwangalia yule mama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aje, akaangalia nywele zile nyeupe na lile goti. Uso wake ukalegea, ukawa uso wa mtoto aliyekamatwa. Akaweka kikombe chini juu ya kidato cha ngazi.

"Shikamoo, mama," akasema.

Sote tukamgeukia mama. Tulikuwa tunasubiri marahaba ya kuangusha dari. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, polepole, hana haraka na mtu. Akasema:

"Na mashini yangu?"

Nilishindwa kujizuia, nikapiga kigelegele. Hata sikukipanga, kilitoka chenyewe. Binti wa Kirundi akanipokea, na wa Kongo wakapokea na vya kwao, na mkataji akawa anauliza kwa Kizulu kasema nini, gogo kasema nini?

Bosi akasubiri kelele zishuke. "Nenda kakae, mama," akasema. "Cherehani ni yako. Na huyu dada hapa naye akae, asije akatutoa masikio."

"Kabisa?" mama akamuuliza. "Au mpaka mwisho wa mwezi?"

"Kabisa, mama. Hakuna mwisho wa mwezi."

Ndipo mama akatembea. Alipomfikia akasimama, akamwekea kiganja shavuni, pale pale mbele yetu, akamwitikia kwa upole, akamuuliza mama yake mzazi anaendeleaje huko kwao. Bosi akasema mzima, anasumbuliwa na miguu tu. "Miguu iko mubaya," akasema mama, akampita.

Mimi nililitoa lile shuka kwenye cherehani yake. Akakaa, akavuta kiti, akaipapasa kwanza kwa kiganja, akaanza kutunga uzi. Ukagoma. Akalamba uzi, akajaribu tena, uzi unapita pembeni. Akaniangalia, macho yamejaa, akacheka. "Nisaidie, mwanangu. Leo sioni."

Nikauchukua uzi. Nikauelekeza kwenye tundu la sindano, nikakosa. Nikajaribu tena, nikakosa, maana na mimi nilikuwa nalia, sioni kuliko yeye.